Kabla Hujanunua Kopo: Mwongozo wa Virutubisho kwa Wanyanyua Vyuma wa Malindi

Kila jioni baada ya magharibi, nikiwa napangusa benchi pale jimu kwetu Maweni, hunijia kijana na simu mkononi. Kwenye kioo pana picha ya kopo jeusi lenye maandishi ya dhahabu. "Ami, hili zuri?" Kesho yake huja mwingine na kopo jingine, swali lile lile. Wiki iliyopita walikuja wanne, na mmoja wao hana hata wiki mbili tangu aguse chuma. Basi nimeona niandike mara moja. Atakayeniuliza tena nitamtumia hii, aisome hadi mwisho, ndipo tuongee.

Jimu yetu si ya hoteli. Nusu ya vyuma ni saruji iliyomiminwa kwenye mikebe ya rangi, na benchi kubwa lilichomelewa na fundi wa mtaani. Lakini humu humu wametoka vijana wenye vifua vya kutazamwa Buntwani jioni nzima, na wengi wao kopo hawajawahi kulifungua. Sisemi virutubisho ni uongo. Vipo vinavyosaidia, vipo vya kupoteza pesa, na vipo vya kukulaza hospitali, na kwenye rafu vyote hukaa safu moja.

Ushike jambo hili moja, mengine yote ni kulifafanua: unachokihisi baada ya kunywa sicho kinachokujenga. Kinachojenga hakiwashi, hakitetemeshi, hakipandishi mori. Hufanya kazi kimyakimya wiki kadhaa, mpaka siku moja ukashangaa chuma cha juzi kimekuwa chepesi. Kile kinachokutetemesha dakika ishirini baada ya kukinywa, hicho ndicho cha kusomwa lebo mara mbili.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Miezi mitatu ya mazoezi ya kweli, angalau siku tatu kwa wiki bila kukosa. Asiye nayo hana haja ya kopo. Miezi ya mwanzo mwili hupanda wenyewe kwa chakula na usingizi tu.
- Daftari na kalamu. Simu pia inafaa, ila daftari haliishi chaji.
- Mizani ya kujipimia, na mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu.
- Kipimo cha presha cha hivi karibuni. Maduka mengi ya dawa mjini hukipima papo hapo. Ikiwa ni 140/90 au zaidi, funga mwongozo huu uende kwa daktari kwanza.
- Ukiweza, vipimo vya damu vya figo, ini na sukari. Hivi ndivyo watu huvikwepa, halafu mambo yakiharibika hakuna cha kulinganishia.
- Orodha ya dawa zote unazotumia, hata za pumu na za mafua.

Mwenye ugonjwa wa figo au ini, mwenye presha, kisukari au moyo unaoruka mapigo, mama mjamzito au anayenyonyesha, na kijana aliye chini ya miaka 18, hawa wasianze chochote bila kuonana na daktari. Najua wa miaka 16 anayesoma hapa ameudhika. Audhike tu.

Hatua ya 1: Andika ulipo leo

Uzito wako asubuhi kabla ya kula. Kilo unazonyanyua kwenye benchi, skwoti na kunyanyua kutoka chini, na mara ngapi. Saa unazolala. Bila haya, baada ya mwezi utaniambia "nahisi kama imenisaidia," nami sitakuwa na la kukujibu.

Hatua ya 2: Hesabu sahani kabla ya kopo

Hapa ndipo pesa nyingi huokolewa, kwa hiyo usiruke.

Mtu anayenyanyua vyuma kwa bidii anahitaji gramu 1.6 hivi za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Wengine hufika gramu 2, lakini kupita hapo faida huwa ndogo sana. Tuchukue kijana wa kilo 70: 70 mara 1.6 ni gramu 112.

Sasa tazama anakula nini siku ya kawaida hapa kwetu. Asubuhi mahamri na bakuli la mbaazi za nazi: mbaazi zina gramu 10 hivi, mahamri yana chache. Mchana wali na kipande cha changu au kolekole cha gramu 150: hapo pana gramu 30 na ushei. Usiku chapati na maharagwe: gramu 15 za maharagwe, na kidogo za unga. Jumla inakaribia 62. Pengo ni gramu 50.

Gramu 50 ni nyingi, lakini hazihitaji kopo la kutoka ng'ambo. Mayai manne ni gramu 24, kila yai likiwa na 6. Nusu lita ya maziwa ni 16. Ongeza samaki kidogo mchana, wa gramu 50, ni 10 nyingine au zaidi. Pengo limefungwa. Asiyependa mayai ana pojo, kunde, pweza, ngisi, kuku, na dagaa wakavu, ambao kwa uzito wao ni protini tupu na kwa bei yao ni sadaka. Sisi tunakaa ukingoni mwa bahari, mashua zinashusha samaki kila alfajiri, halafu mtu anaagiza protini ya maziwa ya Ulaya kabla hajajua samaki anauzwaje. Hilo huniuma, nakiri.

Gawa protini hiyo kwenye milo mitatu au minne, gramu 20 hadi 40 kila mlo. Usiilundike yote usiku.

*Kosa la kawaida:* kuhesabu njugu kama protini pekee. Gramu 100 za njugu zina protini 25, kweli, lakini mafuta yake ni karibu mara mbili ya hapo. Utanenepa tumbo ukidhani unajenga kifua.

Hatua ya 3: Piga bei kwa gramu

Chukua bei ya kopo, gawa kwa gramu zote za protini zilizomo. Kopo lenye vipimo 30 vya gramu 24 lina gramu 720. Trei ya mayai 30 ina 180. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa bei za siku hiyo, kopo dhidi ya trei, kopo dhidi ya kilo ya samaki. Wakati mwingine kopo hushinda, hasa samaki wakiadimika pepo za kusi zikivuma na wavuvi wengi wakibaki pwani. Basi ununue bila haya. Nia ni kuamua kwa hesabu, siyo kwa picha ya mtu aliyepakwa mafuta.

Hatua ya 4: Soma kopo kama unavyosoma mkataba wa kiwanja

Kabla ya kulipa chochote, kiwe ni kreatini, protini au kingine, fuata haya.

Tazama kizibo na utando wa ndani. Ukiwa umechanika, rudisha. Poda iliyofungwa upya kwenye mifuko ya plastiki usiinunue hata ikiuzwa nusu bei, hata muuzaji akiwa binamu yako.

Tafuta tarehe ya mwisho wa matumizi, na nambari ya toleo. Bidhaa inayouzwa Kenya inapaswa kuwa na alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na ile iliyoingizwa kutoka nje huwa na stika yake. Nambari iliyo kwenye alama inaweza kuhakikiwa kwa ujumbe mfupi kwenda 20023. Hata hivyo usiiombe alama hiyo zaidi ya inachosema. Haimaanishi kila kopo limepimwa dawa zote zilizokatazwa michezoni.

Soma orodha ya viungo. Kopo zuri la kreatini lina kiungo kimoja: kreatini monohidreti. Kopo la protini likiorodhesha glisini, taurini au kreatini ndani yake, shtuka. Maabara nyingi hupima protini kwa kuhesabu naitrojeni, na viungo hivyo vya bei rahisi vina naitrojeni, kwa hiyo hupandisha namba ya protini kwenye lebo bila kuipandisha kwenye msuli wako.

Ukiona maneno ya "mchanganyiko maalumu" yakifuatwa na viungo kumi na uzito mmoja tu wa jumla, hujui unakunywa nini. Kafeini inaweza kuwa miligramu 50 au 350, na mwenye kiwanda amechagua usijue.

Sasa kwa nini ukali wote huu? Maabara ya Cologne nchini Ujerumani ilinunua virutubisho 634 kutoka nchi 13, visivyokuwa na neno la homoni kwenye lebo, ikavipima. Mwaka 2004 ikachapisha matokeo: 94 kati yake, karibu asilimia 15, vilikuwa na homoni za kututumua misuli ambazo hazikuandikwa popote. Kijana anayeshindana na kutarajia kupimwa na ADAK, wakala wa Kenya wa kuzuia dawa zilizokatazwa michezoni, chini ya kanuni za WADA, shirika la dunia la kazi hiyo hiyo, ajue kwamba "sikujua" haimwokoi: kilichokutwa mwilini mwake ni chake. Huyo achague makopo yenye alama ya Informed Sport au NSF Certified for Sport tu, yaani yaliyopimwa dawa hizo, na aweke kopo na risiti hata baada ya kumaliza.

Hatua ya 5: Anza na kreatini, peke yake

Ukiniuliza kopo moja la kununua, ni hili. Limechunguzwa miaka mingi kuliko karibu kila kitu kingine kwenye rafu ile, na ni la bei ya chini. Mwili wenyewe hutengeneza kreatini na kuihifadhi kwenye misuli kama akiba ya nguvu ya sekunde kumi za mwanzo, zile za kusukuma chuma kizito. Nyama na samaki wanayo, lakini kuzifikia gramu 5 ungelazimika kula kilo nzima ya nyama kila siku.

a) Pima gramu 3 hadi 5 kwa siku. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hukaribia hapo, lakini mara ya kwanza tumia mizani ujue kijiko chako.

b) Koroga kwenye maji, chai vuguvugu au juisi, unywe mara moja. Usiichanganye leo ukainywe kesho kutwa. Ikikaa kwenye maji huharibika polepole.

c) Kunywa kila siku, hata siku ya kupumzika. Saa haina maana kubwa. Iambatanishe na mlo mmoja usiousahau.

d) Endelea wiki nne kabla ya kuhukumu. Kuna wanaoanza na gramu 20 kwa siku, zikigawanywa mara nne, kwa siku 5 hadi 7. Misuli hujaa haraka zaidi, lakini matumbo mengi hulalamika, na mwisho wa mwezi wote mnakuwa sawa. Mimi siipendi njia hiyo.

Utakachohisi ni nini? Hakuna. Ndiyo hapo vijana wengi huiacha wiki ya pili wakisema ni unga wa muhogo. Mimi kwenye benchi nilikuwa nakwama mara nane na kilo zile zile miezi miwili. Wiki ya tano daftari likasoma kumi. Sikuona mwanga wala kusikia ngoma. Na wapo watu wachache ambao haiwafanyii kitu, kwa kuwa misuli yao imeshajaa tangu awali.

Mizani itapanda kilo 1 hadi 2 mwanzoni. Hayo ni maji ndani ya msuli, siyo mafuta. Kunywa maji ya kutosha, hasa wakati wa kaskazi ambapo ndani ya jimu ya mabati mtu hutoka jasho la kujaza ndoo.

Huulizwa pia kuhusu upara. Hofu hiyo ilianzia utafiti mmoja wa 2009 kwa wachezaji wa raga wa Afrika Kusini, ambapo homoni moja inayohusishwa na upara ilipanda. Nywele zenyewe hazikupimwa. Kama baba na babu wana upara, usiilaumu kreatini.

Kwa wanaouliza halali: kreatini ya unga hutengenezwa kiwandani kwa kemikali, haitoki kwa mnyama. Vidonge vya maganda ndivyo vya kuangalia, kwani maganda mengi ni jelatini, na jelatini yaweza kuwa ya nguruwe. Tafuta alama ya halali au nunua ya unga.

Hatua ya 6: Poda ya protini, ikiwa pengo bado lipo

Rudi Hatua ya 2. Kama pengo limefungwa, ruka hapa. Kama kazi yako hairuhusu kula mchana, labda uko baharini na watalii au unaendesha bodaboda hadi Watamu, poda ya wei ni msaada wa kweli. Ni protini ya maji ya maziwa yanayobaki jibini ikitengenezwa. Kipimo kimoja cha gramu 30 huwa na protini 20 hadi 25. Ni chakula tu, hakina muujiza.

Changanya na maji au maziwa wakati wa kunywa. Usitie kwenye uji unaochemka, itaganda mabonge. Ngoja upoe kidogo. Joto letu halisamehe: ukishachanganya, kinywe ndani ya saa mbili, na uoshe chupa hapo hapo. Chupa iliyosahauliwa kwenye begi tangu jana tunaijua kwa harufu kabla mwenyewe hajaingia.

Hatua ya 7: Kafeini, kwa kipimo na kwa saa

Kafeini husaidia kunyanyua, hilo halina ubishi. Kipimo kinachotumika ni miligramu 3 kwa kilo, saa moja hivi kabla ya mazoezi. Kilo 70 ni miligramu 210. Kikombe kikubwa cha kahawa kina miligramu 95 hivi, kwa hiyo viwili vinakufikisha. Vikombe vidogo vya kahawa tungu vya barazani hutofautiana mpishi kwa mpishi. Anza na viwili, uone. Kwa siku nzima usipite miligramu 400, ukijumlisha chai, soda na vinywaji vya nguvu.

Sasa poda za kabla ya mazoezi, vijana huziita priwokauti. Kiungo kinachofanya kazi humo kwa kawaida ni hiyo hiyo kafeini, mara nyingi miligramu 150 hadi 300 kwa kipimo, na nyingine zaidi. Yale mawasho ya usoni na mikononi kama sisimizi ni beta-alanini. Hayana madhara, ila msisimko wake hauna uhusiano na nguvu: beta-alanini hufanya kazi ikinywewa wiki nne na zaidi, na humfaa anayejikaza dakika moja hadi nne mfululizo. Seti yako ya mara tano imekwisha kabla ya nusu dakika. Wameitia uiamini poda.

Nami niliiamini. Miaka ile naanza, nilinunua kopo kwa mtu aliyelileta kwenye begi. Nikatia vipimo viwili badala ya kimoja, Februari, saa tisa alasiri, jua la kupasua nazi. Seti ya tatu ya skwoti moyo ukaanza kwenda kama chapuo. Nililaza mgongo kwenye sakafu ya saruji, wenzangu wakinimwagia maji, na usiku kucha sikupata usingizi. Nilipokuja kusoma lebo vizuri, kafeini ilikuwa imefichwa ndani ya mchanganyiko maalumu, bila namba.

Kwa hiyo: kama lazima utumie priwokauti, anza na nusu kipimo, iliyochanganywa na maji. Usimeze poda kavu kama wanavyofanya kwenye video. Inaweza kukuingia kwenye mapafu, na kafeini yote hukufikia kwa pigo moja. Kafeini tupu ya unga usiiweke hata nyumbani, kijiko kimoja cha chai kinaweza kuua.

Saa nayo. Nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya saa tano hivi. Ukinywa saa kumi na moja jioni, saa nne usiku nusu yake bado iko macho, nawe pia. Msuli hujengwa ukilala.

Na *onyo kubwa la hapa kwetu:* muguka, majani ya kutafunwa ya jamii ya miraa. Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilipiga marufuku muguka, mambo yakafika mahakamani. Hayo mimi siyaingilii. Ninachosema ni kwamba muguka na miraa vina kathinoni, nayo hukaza mishipa na kukimbiza moyo. Ukitafuna mchana, ukanywa priwokauti alasiri, ukaingia chini ya chuma kwenye joto, umeupa moyo viboko vitatu kwa wakati mmoja. Siku ya muguka si siku ya kopo.

Hatua ya 8: Kimoja kimoja, na daftari

Usianze vitu viwili wiki moja. Kreatini kwanza wiki nne hadi nane, ndipo uongeze kingine. Ukianza vitatu pamoja ukaharisha, utamlaumu nani? Linganisha na ulichoandika Hatua ya 1. Namba zisiposogea, acha kununua.

Vya kuacha dukani

BCAA, yaani vipande vitatu vya protini vinavyouzwa peke yake: ukila protini ya kutosha tayari unavyo. Geina, poda ya kuongeza uzito: soma lebo, sehemu kubwa ni sukari ya maltodekstrini. Ndizi, maziwa na njugu za kusaga hufanya kazi ile ile. Vidonge vya "kuamsha homoni za kiume": mitishamba na matumaini. Vidonge vya kuyeyusha mafuta vyenye dondoo kali la chai ya kijani vimewahi kuharibu maini ya watu.

Vya kutogusa kabisa

Sindano na vidonge vya homoni, Dianabol na jamaa zake. Vinajenga, sitakudanganya, ndiyo maana vinatisha. Mwili ukiona homoni inaletwa kutoka nje huacha kutengeneza yake: korodani hunywea, mbegu hupungua hata kukosa mtoto, matiti huota kwa mwanamume, mafuta mazuri ya damu hushuka, msuli wa moyo hukakamaa, na vya kumeza huumiza ini. Sindano ya kushirikiana huongeza Ukimwi na homa ya ini juu ya hayo. SARMs, dawa za kuiga kazi ya homoni hizo zinazouzwa kama "salama zaidi", hazijaidhinishwa kuwa dawa ya binadamu.

Vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kwa kuhesabiwa kwenye karatasi: vingi ni deksamethasoni au siproheptadini. Ya kwanza huvimbisha uso, hupandisha sukari, na kwa mzaha mchungu huila misuli ya mapaja na mikono. Ya pili ni dawa ya mzio inayoleta njaa na usingizi. Ukiwa umetumia deksamethasoni kwa wiki kadhaa usiikate ghafla, nenda kwa daktari akupunguzie taratibu.

Na poda ya njano ya kukausha mafuta iitwayo DNP. Hupandisha joto la mwili hadi mtu kufa, na hakuna dawa ya kuizima.

Mwezi wa Ramadhani

Kreatini kunywa na futari au daku, vyovyote. Mzigo mzito uweke saa moja au mbili baada ya futari, au fanya mazoezi mepesi kabla ya magharibi. Maji yagawanye usiku kucha, usiyamimine yote wakati wa daku. Kafeini baada ya tarawehe inakuibia usingizi mdogo uliobaki. Iache mpaka Idi.

Mambo yakienda mrama

*Tumbo linaunguruma na kuharisha baada ya poda ya wei.* Huenda ni sukari ya maziwa. Jaribu nusu kipimo, au tafuta wei iliyochujwa zaidi, ile ya aisoleti. Kama hata chai ya maziwa hukusumbua, jibu unalo.

*Tumbo linauma na kreatini.* Umezidisha kwa mara moja. Gawa gramu 5 mara mbili, unywe pamoja na chakula na maji zaidi.

*Poda imeganda.* Unyevu wa pwani. Ikiwa ni kavu, haina harufu wala madoa, iponde utumie. Kijiko chenye maji kisiingie koponi, na kile kifuko kidogo cha kukausha usikitupe. Ikinuka au kubadilika rangi, itupe.

*Kipimo cha figo kimesoma kreatinini juu.* Kreatini hugeuka kreatinini, taka ambayo figo huichuja, na misuli mikubwa nayo huipandisha, kwa hiyo huenda figo ni nzima. Lakini usijitibu kwa maneno yangu: mwambie daktari unatumia nini, naye ataamua kama uache kwa muda na upimwe upya, au upimwe kwa njia nyingine.

*Chunusi mgongoni, matiti yanauma, hasira za ghafla.* Kopo lako linaweza kuwa na kisichoandikwa. Acha, ukapimwe.

*Moyo unakimbia, mikono inatetemeka.* Acha mazoezi, kaa kivulini, kunywa maji. Ukihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu cha kuanguka au pumzi kukata, usingoje ipoe, nenda hospitali.

*Macho ya njano, au mkojo mweusi kama chai ya rangi na misuli imekaza kwa maumivu.* La kwanza ni ini, la pili ni misuli inayovunjika na kuziba figo. Yote mawili ni ya hospitali leo hii, siyo kesho. Nenda na kopo lenyewe mkononi, na daktari akikuuliza kama umetumia kitu kingine, taja vyote, muguka ikiwemo, hata kama mama yako amesimama hapo.